Daftari la Kusikiliza

Lilikuja kwa posta, mwezi wa pili,
na noti mbili za dola moja moja,
mpya, hazijakunjwa, kama sadaka.
Andika, walisema: saa, kituo,
uko nyumbani, kazini au garini.
Wiki moja tu. Wewe ni sikio la maelfu.

Noti nikanunulia nyanya za kopo.
Daftari nikalitia droo ya vijiko,
nikasema kesho.

Kila alfajiri, saa kumi na moja na robo,
nikitoka zamu, mikono ikinuka plastiki,
Dombrowski alikuwa ananingoja garini.
Kwanza anakohoa. Halafu theluji:
ziwa limetutupia inchi ngapi usiku,
shule zipi zimefungwa,
mbwa wa nani kapotea Mtaa wa Parade,
nani amefariki, na chakula cha matanga
kitaliwa ukumbi gani.
Byamungu wangu alipofunga mabao mawili
alinipigia simu kwanza:
Mama, hili jina hutamkwaje?
Akalirudia mara tatu, polepole,
kama mtu anayevuka barafu.

Nami alinifunza, bila kujua.
Nilitoka Uvira na Kifaransa changu
nikaiita ile rasi ya ziwani Preskil,
watu wakabaki kunitazama.
Yeye aliitaja kila siku: Presk Ail.
Nikaiga. Nikawa wa Erie.

Droo ilifunguliwa, ikafungwa.
Vijiko vikatoka, vikarudi.
Wiki ikapita.

Oktoba kituo kikauzwa.
Mnunuzi ana vituo mia mbili na ofisi moja, Texas,
na hajui chumvi ya barabarani inavyokula gari.
Alileta asilimia zake kwenye karatasi:
alfajiri, ilisema, hakuna mtu.

Hakuna mtu!
Mimi nilikuwa nani pale maegeshoni,
injini ikiunguruma, nakataa kushuka
mpaka amalize majina ya marehemu?
Na Teresa wa mashine ya nne?
Na dereva wa lori la chumvi?
Sote pamoja hatukufika hata nukta.

Miaka thelathini na mmoja, na Dombrowski
hakupewa dakika moja ya kuaga.
Jumatatu ikaja sauti laini, isiyokohoa,
iliyorekodiwa tangu Alhamisi,
ikatutakia asubuhi yenye jua
theluji ikiwa magotini.

Jana ilisoma tangazo la duka la matairi,
karibu na Preskil, ikasema.
Preskil!
Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika.
Naijua sauti ya mtu ambaye hajafika.

Leo natafuta kijiko cha uji, nalikuta.
Kurasa saba, nyeupe kama tulivyoachwa.
Nachukua kalamu.
Saa kumi na moja na robo. Garini.
Kwenye mstari wa kituo naandika: Dombrowski.
Jumatatu hadi Jumapili, Dombrowski,
hata siku ambazo hakuwa zamu.

Bahasha ililipiwa zamani.
Nailamba, naibana kwa kiganja,
natoka nayo kwenye baridi
kabla sijajiuliza nani ataifungua.