Mlango wa Jikoni

Tbilisi, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Dalali Lamara anarekodi kwa simu:
dari, roshani ya mbao, jua la saa nne.
Ukungu wa ukutani haunuki kwenye video.

Kufikia jioni, watazamaji elfu kumi na moja,
mioyo myekundu kama makomamanga yaliyopasuka.
Hodi, hakuna.

Usiku wa manane ikaingia simu kutoka Montreali:
"Nirudishie ule mlango wa jikoni.
Zile alama za penseli, juu kidogo ya kitasa,
ya tatu ni mimi, miaka sita.
Mama hakuniambia anauza."

Lamara akaifuta.
Kamisheni ikaenda nayo.

Asubuhi, mtaa wa pili, nyumba nyingine:
akarekodi tena,
kamera akiipitisha mbali na milango.