Keekee ya Barafu

Ilikuja ndani ya robota la makoti ya sufu,
makoti ambayo hapa Kitangari
hayana mnunuzi ila mlinzi wa ghala la korosho:
parafujo nene ya rangi ya chungwa,
kimo cha mtoto wa darasa la pili,
na lebo iliyobaki nusu.
Kwenye lebo, mzungu kakaa juu ya ndoo
katikati ya weupe usio na mti,
anachungulia tundu.

Mpwa wangu Shaibu, aliyefika kidato cha nne,
akasema: Hilo ni ziwa, shangazi. Limeganda.
Huyo anavua.
Nikamwambia usinitanie.
Maji ya kukanyaga kwa miguu,
na mimi asubuhi nimenunua ndoo mbili
kwa kijana asiyerudisha chenji?

Bei elfu nne. Nilitoa tatu na mia tano.

Fundi Chitanda aliigeuzageuza kama kuku wa mnadani.
Visu hivi, alisema, vilizoea kitu laini,
mchanga wetu utavimaliza kabla ya chai.
Akavifungua, akaweka vya springi ya Fuso,
kichwani akachomelea bolti,
akaipiga tupa pande tatu
meno ya drili ya Shaibu yapate kuikamata.
Drili ya betri, ile anayofungia jipsamu
kwenye dari za watu waliouza vizuri msimu uliopita.

Shimo la kwanza lilitaka kunivunja kifundo.
Nilibonya, keekee ikauma ardhi, ardhi ikaing'ang'ania,
basi drili ikaamua kuzunguka yenyewe
na mimi nyuma yake
kama mbuzi aliyesahau kwamba amefungwa.
Shaibu alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akasogeza kile kiswichi cha juu: namba moja,
polepole, lakini kwa nguvu.
Kiwiko, shangazi, kibane ubavuni.

La pili likaingia.
Mchanga mwekundu ukapanda ukizunguka,
ukajimwaga kando kama unga mdomoni mwa mashine.
Chini, usawa wa goti, ukabadilika rangi.
Niliushika. Ulikuwa baridi.
Mvua ya juzi ilikuwa imejificha humo
na hakuna aliyeniambia.

Kwa jembe, mimi na marehemu
tulichimba kumi na mawili kwa siku,
na usiku viuno ndivyo vilivyozungumza.
Leo kumi na tisa, adhuhuri haijaadhiniwa,
ndipo betri ikachemka, ikagoma.
Shaibu anasema kule kwa mwenye ndoo
betri hufa kwa baridi,
watu huzificha ndani ya koti kama vifaranga.
Yetu tuliifunika kitambaa nilicholowesha na kukikamua,
maji ya kununua,
na yale niliyoyakamua
niliyadondoshea mche mmoja. Roho iliniuma.

Alasiri akarudi na betri kutoka kwa jirani mwenye sola.
Arobaini na moja.
Miche iliyobebeshwa imesimama kwenye toroli
kama watoto wanaosubiri kuitwa majina.
Nikapindua ndoo, nikaketi
kando ya shimo la mwisho,
nikachungulia.
Nilitaka tu kujua yule mtu huona nini.
Giza lenye harufu. Siafu mmoja mwenye haraka zake.

"Shangazi, unavua?"
Navua.
"Wanakula?"
Chambo nimeshatia, konzi mbili za samadi.
Ila hawa wa kwangu ni wazito.
Mwaka wa tatu, Mungu akipenda, ndipo mshipi utashtuka.
Sasa washa hicho kitaa cha drili, giza linaingia,
unipe mche.