Kitanzi

Mama aliniuliza usiku wote naandika nini.
Nikamjibu: kitanzi.
Akaweka sufuria chini,
akanitazama shingoni.

Si cha kamba, Mama. Cha sauti.
Unagonga kopo mara moja, kompyuta inalidaka,
inarudia, inarudia,
mpaka uiambie basi.
Akasema: kumbe umemtengeneza Nkwabi akishalewa.

Tunakaa Mabatini.
Kompyuta niliinunua Makoroboi, haina kibonye cha N;
kila N naiazima kwenye neno jingine.

Wiki tatu nilipigana na mshono.
Pale mwisho unapokutana na mwanzo
palikuwa na *tak* ndogo,
mchanga kwenye dagaa wa bei rahisi,
huuoni, ila jino linaujua.
Nikaufifisha mkia, nikakiinua kichwa polepole,
nikavilaza kimoja juu ya kingine
kwa milisekunde kumi na mbili.
Tak ikafa.
Nikacheka peke yangu saa tisa usiku,
mbwa wa mlimani wakaitikia.

Kesho yake akaja Minza, mshona nyavu wa Mwaloni,
kaja kuchaji simu tu.
Nikamsogezea maiki.
Akagonga meza kwa sindano yake ya mti,
vile anavyohesabu matundu:
saba, akaanza upya, saba.
Programu ikanyamaza kidogo kila mwisho wa saba.

"Inangoja nini?"
Pigo la nane.
"Nani kakwambia lipo?"

Nikashuka kutafuta. Mstari wa mia mbili na kumi na tatu:
nane. Nimeiandika mimi,
hakuna aliyeniomba.
Nilijenga nyumba ya wageni
nikapigilia viti misumari sakafuni.

Nikaifuta.
Mahali pake nikaacha kisanduku kitupu, na maneno:
andika idadi yako.
Saba. Kumi na moja.
Tano na nusu, kwa anayechechemea.
Na kila sauti ipewe kisanduku chake,
isimfuate jirani.

Tukajaribu. Yeye saba, mimi tano kwenye kopo la maziwa.
Zilipishana kama watu wa sokoni,
na kila baada ya thelathini na tano
zikakanyaga pamoja mara moja,
zikasalimiana,
zikaachana.
Minza akasahau simu.

Katikati ikaingia honi ya kivuko cha Kamanga.
Nikapeleka kidole kufuta.
"Iache," akasema. "Nayo kazi yake ni kwenda na kurudi."

Umeme ukakatika.
Simu ilikuwa imefika asilimia kumi na tisa;
akaichomoa, akalalamika, akaondoka,
kidole gumba kikigonga kwenye kioo chake
saba, saba.

Mama akauliza kutoka gizani:
kitanzi chako nacho kimekatika?
Betri bado ipo.
Nikasikia kigoda kikiburutwa,
harufu ya kitunguu ikanikaribia begani.
Kiko wapi hicho kisanduku, akasema.
Mimi niandikie tatu.