Mlango wa Uani

Nilihitimu Tunguu, joho la kukodi, picha nane,
kisha miezi kumi na moja niko Wete, Limbani,
nabadilisha vioo vya simu mezani kwa binamu yangu Shaame
na kuandika barua za maombi usiku,
umeme ukirudi.

"Umesomea nini hasa, Raya?"
Ulinzi wa mitandao.
"Ulinzi? Mtoto wa kike, na baridi yote ile ya usiku?"
Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo chama cha akiba na mikopo kikaniita:
chumba kimoja juu ya duka la vitambaa,
feni moja, mshahara wa kuhesabu kwa vidole,
na chini ya kibodi ya mwenyekiti, karatasi:
karafuu1234.
"Nisije nikasahau," akasema.
Nikaichomoa kama mwiba.

Kwetu Gando tumefunzwa:
mgeni hupiga hodi tatu,
asipoitikiwa huvaa viatu vyake akaenda zake,
wala hachungulii dirishani.
Nikaandika hivyo hivyo kwa lugha ya mashine:
ukikosea mara tatu, mlango unajifunga,
kapumzike nusu saa.
Sikuvumbua kitu. Nilitafsiri adabu.

Alkhamisi moja, usiku, nikafungua kumbukumbu za seva.
Hodi elfu nne mia mbili na kumi na moja,
kutoka miji ambayo ulimi wangu haujui kuitamka,
zote baina ya saa saba na saa kumi.
Zimegonga, zimerudi.
Nikavimba kichwa. Nikampigia Shaame simu, nikamwamsha,
"Njoo uone mlango wangu!"
Akanikatia.

Karibu na adhana
nikaona mstari mmoja mdogo, mtulivu,
usio na hodi.
Mtu ameingia na kutoka kwa dakika sita.
Hakuvunja. Hakuruka ukuta.
Amepita mlango wa uani,
ule niliojifungulia mwenyewe Jumatatu
nijaribu kitu kidogo, nitaufunga baadaye,
na baadaye haikuja.

Hakuchukua senti. Alisoma tu:
Mize Juma Hamad, akiba elfu sitini na mbili.
Mize Juma, ambaye mumewe hajui kama ana akiba.

Asubuhi mwenyekiti akauliza, chai mkononi,
"Nani aliuacha wazi?"
Vyuoni walinifunza majina ya mashambulizi ishirini.
Neno hili hawakunifunza, na ni fupi:
"Mimi."

Feni ikazunguka.
Akaweka kikombe, akavuta daftari la wanachama,
akanisukumia.
"Mia moja na arubaini. Waambie mmoja mmoja.
Kwa mdomo."

Nimeufunga ule mlango. Nimeujaribu mara tisa.
Sasa nimesimama kwa Mize, mchana wa jua kali,
nanga za kuta zake zimepakwa chokaa upya,
mumewe nasikia anakohoa ndani.

Hodi.

Hodi.

Nazunguka uani,
nimngoje yeye peke yake.