Niko Ndiani

Nakodisha masinia, sufuria, na mabirika mawili ya kahawa,
moja limebonyea tumbo tangu harusi ya kina Bunu.
Nyumba yangu iko Langoni, mlango wa tatu ukiupita msikiti,
wala sina ugomvi na mtu.
Ugomvi wangu ni na neno.

"Niko ndiani."

Ndia gani hiyo, Bwanaidi?
Mji huu nimeupima kwa magoti yangu mabovu:
toka Mkomani hadi hapa ni dakika kumi na mbili,
kumi na tano ukikuta punda wawili wamebeba mchanga
na hakuna anayetaka kumpisha mwenziwe.
Gari la kukwama hatuna. Taa nyekundu hatuna.
Uchochoro wenyewe nikinyosha mikono
nagusa ukuta wangu na wa jirani.
Sasa wewe uko ndiani tangu Alhamisi
na masinia yangu kumi na manane.
Wapitia Maskati?

Halafu kuna "usijali".
Hilo hunipandisha joto la masikio.
Anayeniambia nisijali ndiye aliyekalia sufuria yangu,
ile ya kilo ishirini,
nami nina hitima ya watu Jumamosi.
"Usijali, Bi Somoe."
Papo hapo naanza kujali hata nisivyokuwa nikivijali:
kifuniko, mwiko, kishikio kilicholegea msumari.

"Si unajua." Sijui. Ningejua nisingepiga simu.
"Tutaongea." Na hii tunayofanya ni nini, mwanangu, tunaogelea?
"Yaani", la huyu Athman wa Gardeni:
aanza nalo, amaliza nalo, katikati hamna nyama,
kama sambusa za mwezi wa bei mbaya.
Na "kusema kweli".
Nikilisikia hilo natafuta pa kukaa,
maana uongo unaofuata huwa mrefu.

Mjukuu wangu Mahazi yeye ana moja tu.
Mahazi, osha mabirika. "Sawa."
Mahazi, maji yamechemka. "Sawa."
Sawa yake ni mlango unaofungwa polepole.

Nina daftari.
Kushoto jina, kulia vyombo,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu,
neno nililopewa badala ya vyombo.
Bwanaidi: ndiani, ndiani, ndiani.
Mwanamkuu: usijali.
Athman: yaani, mara sita kwa simu moja.
Lau ningetoza kwa neno
dari hii ingekuwa na boriti mpya.

Jana alasiri mama alipiga, toka Siyu.
Simu yake hukata, hukwaruza, hurudi.
Hakusalimu sana. Aliuliza, "Waya lini?"
Nilikuwa nimekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa,
nafunga gunia la vikombe,
mdomo ukanitangulia:
"Niko ndiani, mama."

Akanyamaza.
Nikawasikia kuku wake. Nikasikia mtu anatwanga.
Boti ya Mtangawanda ipo kila siku maji yakijaa,
nauli ninayo, imo ndani ya birika lililobonyea.
Niko ndiani tangu Mfungo Mosi,
na Maulidi yameshapita.

"Haya," akasema. "Usijali."

Asubuhi nikafungua daftari.
Kalamu nyekundu Mahazi kaichukua, au imejificha,
nikaandika kwa ya buluu jina langu kamili,
Somoe binti Famau,
na upande wa vyombo
sikujua niandike nini.

Mlango ukagongwa.
Bwanaidi, jasho hadi kwenye ndevu,
masinia kichwani kama muuza mikate.
"Si nilikwambia niko ndiani!"
Nikayahesabu mbele yake, moja moja, bila haraka.
Kumi na tisa.
Nikalitoa lile lenye maua ukingoni, nikaligeuza.
"Hili si langu. La nani?"

Akajikuna shingo.
"Yaani," akasema.