Picha Nne za Pasipoti

Kazi yangu ni uso. Tandika, jirani na kituo cha mafuta,
kitambaa cha buluu ukutani, kigoda, taa mbili.
Inua kidevu. Usicheke. Toa miwani.
Miaka kumi na tisa nimewafuta watu vivuli
kwa kipanya cha kompyuta, bila sindano, shilingi elfu nne.

Kisha sukari ikanikamata.
Nyama ilihama mwilini kimyakimya kama mpangaji mwenye deni,
ikaanzia usoni.
Mashavu yakabonyea. Mama Shukuru wa genge
akawa ananifungia nyanya bila kunitazama,
na mteja mmoja akaniuliza, kwa sauti ya msibani,
"Dada Mwamtoro, dawa unatumia lakini?"
Nikajua mtaa umeshanichagulia ugonjwa.

Ndipo Sinza. Ghorofa ya pili, juu ya duka la magauni ya harusi.
Jestina, koti jeupe, kucha ndefu.
"Ni jeli tu, dada. Inajaza pale palipopungua."
Laki nne na nusu bomba moja; mimi nilihitaji mawili.
Boksi lilikuwa mezani, limepigwa na jua la dirishani,
maandishi yake ya fedha yanameta,
nami, kwa mazoea tu, nikalipiga picha.

Bomba la kwanza, sawa.
La pili, kando ya pua,
ngozi ikawa nyeupe ghafla, nyeupe ya karatasi
kabla printa haijaamka.
"Kawaida," alisema. Akaniwekea barafu.
Kawaida haiumi vile.

Usiku nikajitazama kwa tochi ya simu:
kutoka puani hadi mdomo wa juu
kimechorwa kimia cha zambarau,
lesi iliyolowa wino.
Nikampigia. Ikaita. Nikampigia. Ikaita.
Mara ya tisa, namba unayopiga haipatikani.
Nilijifunika khanga mume asione, hadi alfajiri.
Mficha maradhi, mnajua inavyoishia.

Muhimbili, daktari kijana, Kilindo jina lake,
alibonyeza ngozi, akaachia, akangoja damu irudi.
Haikurudi.
"Mshipa umezibwa. Alikuchoma nini?"
"Jeli."
"Jeli ipi? Iko inayoyeyuka, iko isiyoyeyuka.
Nikibahatisha tunapoteza saa, na wewe huna saa."

Jina sikulijua. Mwanga naujua.
Nikafungua simu, nikaivuta picha kwa vidole viwili
mpaka herufi za fedha zikajaa kioo.
Akasoma, akashusha pumzi. "Inayoyeyuka."
Dawa ya kuiyeyusha haikuwepo stoo;
shemeji alizunguka maduka ya Upanga,
akarudi saa saba mchana na vichupa vitatu
ndani ya mfuko wa barafu.
Wakanichoma tena, palepale, sikuhesabu.

Jicho lilinusurika. Kilindo alinieleza baadaye
kwamba mshipa ule una nduguze huko juu.
Pua ilibaki na shimo ukingoni,
dengu moja inaweza kulala humo.
Mashavu yalirudi yalikokuwa.
Mama Shukuru siku hizi ananiongezea nyanya ya bure,
na bado hanitazami.

Mwezi wa Saba akaja mteja, ana haraka, picha nne,
anakwenda Muskati.
Nilimtambua kwa kucha.
Yeye hakunijua; nilivaa barakoa,
na ule uso aliouchoma
hata mimi nimeanza kuusahau.
Inua kidevu, nikamwambia. Usicheke.
Katika lenzi nikakiona, chini ya jicho la kushoto:
kivimbe kigumu, kinasogea akipepesa.
Kumbe alijifunzia kwake mwenyewe.

"Hapa," alinong'ona kompyuta ilipowaka,
kidole kikigusa kioo, "huwezi kufuta?"
Kipanya kilikuwa mkononi, kimepata joto.
"Pasipoti hawataki," nikasema. "Sura ibaki ilivyo."
Nikazikata nne kwa mkasi, taratibu,
na nyuma ya moja, kabla sijampa,
nikaandika namba ya Kilindo.