Au

Nilikuja kumsindikiza Khelef, miaka kumi na moja,
Jumanne na Alhamisi, baada ya alasiri,
ukumbi wa kikundi nyuma ya majumba ya Michenzani,
sakafu ya saruji, panka moja tu linalozunguka.
Wiki ya tatu Khelef akarudi kwenye mpira wake.
Ada nilishalipa ya miezi miwili.
Fedha ya kushona sare kumi na nne
haiwezi kulala bure. Nikaichukua suruali yake,
nikalifumua pindo, nikatia kipande kiunoni.

Bi Kazija akanikuta ngazini:
"Pepo gani hilo, shoga, linalotaka nguo nyeupe?"
Nikamwambia, la Kibrazili.
Akasema hilo halina mganga hapa, labda Pemba.

Hatua ya kwanza inatamkwa jinga. Si utani.
Mwalimu Silima anapita katikati yetu: "Jinga! Jinga!"
nasi watu wazima, karani wa bandarini, muuza urojo,
msichana wa chuo aliyebana mtandio kwa pini nane,
tunarudisha mguu nyuma, wa kulia, wa kushoto,
mkono mmoja ukilinda uso.
Mie nilidhani ujinga ni kitu cha kupewa na wengine.
Kumbe una mizani yake.

Mduara wanauita roda.
Roda naijua, ilining'inia juu ya kisima cha kwetu Jang'ombe,
ikilia kila ndoo ikipanda.

Na ile ya kupindua mwili, mikono chini, miguu hewani,
jina lake au.
Mwalimu anasema, "Au!"
nami nasimama nangoja upande wa pili wa sentensi.
Au nini? Au goti?
Au nikae nyumbani nipige pasi?

Siku moja ya mvua umeme ukakatika, akatukalisha chini.
Akatusimulia watu waliovushwa bahari kwa minyororo,
waliofundishana kupigana wakijifanya wanacheza:
bwana akipita, wanatabasamu, wanapiga makofi.
Akasema "watumwa" mara moja, mara mbili,
ya tatu akaimeza, akanitazama.
Ukumbi mzima ukatazama sakafu.

Kwani mie naitwa Mtumwa. Mtumwa Vuai.
Watatu kabla yangu hawakufika arubaini,
bibi akaona ayape mauti jina lisilotamanika,
yanione, yanidharau, yanipite.
Yakanipita.
"Endelea, Mwalimu," nikasema.
"Na mie nimejificha humo humo."

Wenye kudumu huvishwa kamba, wakapewa jina jipya.
Machano wa bandarini ni Kaa, kwa anavyokwenda upande.
Msichana wa chuo ni Sindano.
Mie Mwalimu alinifikiria muda mrefu, akikuna kibuyu cha berimbau.
Nikamwambia niachie hili.
Limeshanikinga mara moja, na halijachakaa.

Jana nikaweka viganja kwenye saruji,
dole gumba langu lenye tundu za sindano,
miguu ikapanda, si sana,
kama ya mtu anayeruka mtaro kwa aibu,
nikaliona panka liko chini yangu,
nikamwona Silima amening'inia kwenye sakafu
na uta wake kama popo,
kisha mshono wa nyuma, mshono wangu mwenyewe,
ukaachia.

Makofi. Halafu adhana,
na berimbau likanyamaza katikati ya mdundo.
Kila mtu akasimama pale alipofika.
Mie nimekaa chini, mkono mmoja nyuma nikiziba mpasuko,
saruji ikinipoza paja.
Khelef mlangoni, mpira kwapani, akanong'ona:
"Mama, umeanguka au?"

Au, nikamwambia.